Nyapara wa Kuamsha

Waliompa meli ile jina la Subira hawakuipanda. Walikata utepe, wakala pilau, wakarudi majumbani kwao, na meli ikaondoka na wafungwa wake kuelekea Ng'ambo, mwezi wa barafu unaoizunguka sayari ya Mshtarii, mahali ambapo Baraza la Maji lilikuwa likiwatupa watu ambao halikutaka kuwaona tena.

Mwanamke aliyeitwa Sikudhani alikuwa mfungwa kama wengine, ila yeye alikuwa nyapara. Kila gereza lina manyapara wake, wafungwa wanaosimamia wafungwa wenzao, na ujira wao ni kula vizuri kidogo na kuchukiwa sana. Yeye alikuwa nyapara wa kuamsha. Ndiye aliyewalaza wote, mmoja mmoja, kwa kuwasemesha sikioni mpaka baridi ikawachukua, na ndiye aliyetakiwa kuwaamsha meli ikikaribia. Hakuna mwingine aliyeweza. Mtu aliyelala usingizi wa baridi huitikia sauti moja tu, ile iliyomlaza, na huitikia ikiwa hai, inayosikiliza pumzi zake na kumngoja. Sauti nyingine, hata ipige kelele namna gani, kwake ni mngurumo wa pampu.

Asubuhi hiyo, au saa ambayo taa za meli ziliiita asubuhi, alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku la kwanza katika safu, akigusa kioo kwa kiganja. Kilikuwa kimeacha kuganda. Ndani alilala Mwanamvua binti Kheri, aliyekuwa naye chumba kimoja mahabusu, na ambaye siku walipopandishwa melini kifua chake kilikuwa bado kinavuja maziwa. Katika sanduku la pili alilala Hemedi, mdogo wake Mwanamvua. Dada na kaka walihukumiwa kwa kosa moja, kutoboa bomba la Baraza, katika ile miaka ya kiu ambapo ndoo ya maji ilikuwa na walinzi wengi kuliko benki.

"Wewe ni Mwanamvua binti Kheri," Sikudhani alinong'ona, akijaribu maneno kama mtu anayeonja mchuzi. "Ulitoboa bomba la Baraza. Kifungo chako ni miaka kumi. Utaitumikia Ng'ambo."

Hayo ndiyo yaliyoitwa Neno la Kwanza. Baridi haifuti kumbukumbu za mtu, inazilegeza tu, kama misumari kwenye mbao zilizolowa. Anapoamka kuna kitambo kifupi ambapo lolote atakaloambiwa litagongomelewa humo na halitang'oka tena. Katika safari za mwanzo jambo hilo halikujulikana. Mfungwa mmoja alizinduka wakati fundi akijiimbia taarabu huku anafunga mabomba, akaishi maisha yake yote akijua kwamba yeye ni mwimbaji mashuhuri aliyefungwa kwa husuda. Wengine waliamka pasipo mtu wa kuwasemesha, na hao walibaki watupu, wanakula wakilishwa, wanasimama wakisimamishwa. Basi ikawekwa kanuni. Kila anayeamshwa aambiwe jina lake na la mzazi wake, kosa lake, kifungo chake, na apewe picha moja ya kosa ili neno lishike. Naye ajibu, "Ndiye mimi." Mashine inayasikia maneno hayo mawili, na mikanda inafunguka.

Miaka kumi ya Mwanamvua ilikuwa bado haijaanza. Safari ilikuwa imekula miaka kumi na miwili, lakini Baraza lilikuwa limetamka kwamba mtu aliyelala haadhibiwi. Walifikiria kila kitu, wale waheshimiwa.

Afisa Shemhilu aliingia na vikombe viwili vya chai. Alikuwa mtu pekee aliye huru ndani ya meli. Kamanda wake hakulala usingizi wa baridi hata siku moja. Alikaa macho akizeeka peke yake, mwishowe akamwamsha Shemhilu amrithi, akafa. Shemhilu naye akamwamsha Sikudhani, na tangu hapo wakawa wawili, askari na mfungwa, wakigawana chai na ukimya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mnyoofu, mwenye mazoea ya kuanza kila habari kwa kusema "nikirudi nyumbani", na Sikudhani alikuwa amemzoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

"Bi Sikudhani, hebu kaa kidogo," alisema.

"Ngoja nimalize hapa, Afande. Huyu anapata joto vizuri. Jioni atakuwa tayari."

"Kaa."

Akakaa. Shemhilu alimpa kikombe, akazungusha chake mikononi bila kunywa.

"Kuna ujumbe umetoka nyumbani," alisema. "Serikali imebadilika. Baraza la Maji limevunjwa. Majaji wamekaa wakafuta sheria yote ya hujuma ya maji, na hukumu zote zilizotolewa kwayo. Zote. Kila aliye humu ndani ni mtu huru."

Sikudhani alimtazama mdomoni, kama vile maneno yangeweza kurudi yalikotoka. Kisha furaha ikampanda ghafla, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Ilikuwa furaha kweli, na ilidumu mpaka alipoona kwamba mwenzake hacheki.

"Tunageuza lini?" aliuliza.

"Meli hii haigeuki. Unajua hivyo."

Alijua. Subira ilijengwa kwa safari ya kwenda. Ikifika itakatwa vipande, mabati yake yawe kuta na pampu zake ziwe pampu za kambi, kama zilivyofanywa meli zilizotangulia. Nyumbani hapakuwa na meli nyingine ya kutumwa, na hata ingekuwapo, nani angelipa nauli ya kuwarudisha watu ambao ilikuwa aibu kuwatazama usoni? Sikudhani aliweka kikombe sakafuni.

"Kwa hiyo tuko huru kwenda wapi?"

"Ndiyo maana nimekuita," Shemhilu alisema.

*

Alimpeleka chumba cha mawasiliano na kumsikilizisha ujumbe mwingine, uliotoka Ng'ambo. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyejitaja kuwa msimamizi wa kambi, sauti kavu, inayokatizwa na kikohozi. Walikuwa wachache, alisema. Hewa yao ilitokana na barafu; mtu anaikata, anaisaga, mashine inaitenganisha, watu wanavuta pumzi. Mikono ikipungua, barafu inapungua, na pumzi nayo. Hata wagonjwa walikuwa wameshaanza kukata barafu. "Tuleteeni watu," alisema mwanamke yule. "Hatuchagui."

"Unajua kwa nini wamebaki wachache?" Shemhilu aliuliza. "Meli iliyotangulia ilikuwa na nyapara mwenye huruma. Aliona wengi wa watu wake wameonewa, na pengine alikuwa na haki ya kuona hivyo. Akaacha kosa, akawaamsha kwa kuwaambia kwamba wamedhulumiwa. Neno likashika. Walishuka Ng'ambo wakidai warudishwe. Warudishwe kwa chombo gani? Waliambiwa hakuna meli, wakasema wanadanganywa. Walivunja ukumbi wa mashine za hewa wakidhani kuna chombo kimefichwa nyuma yake. Nusu ya kambi ilikufa, na wao humo humo."

Sikudhani alikuwa akiufikiria ukumbi ule.

"Mfungwa ana kitu cha kuhesabu," Shemhilu aliendelea, taratibu, kama mtu aliyeyatafuna maneno hayo siku nyingi. "Anajua kosa lake, anajua kifungo chake. Anaamka asubuhi anakata barafu yake, anasema moja imepungua. Mtu aliyedhulumiwa atahesabu nini? Unampa uhuru usio na mlango. Mimi naona huo ni ukatili. Waamshe kwa neno lile lile. Watatumikia miaka yao, na ikiisha wataambiwa wako huru, na watafurahi. Wakati huo watakuwa wameshazoea, wana majirani, pengine wana watoto. Hakuna atakayeumia."

"Na Mwanamvua? Mwanawe alikuwa ananyonya. Sasa hivi anabalehe."

"Ndiyo. Akijua kwamba alitengwa naye kwa dhuluma, itamsaidia nini?"

Sikudhani alitafuta hasira akaikosa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa shahidi wa maneno yale. Tangu aamke alikuwa na amani. Alikuwa na dhambi kubwa kuliko wote melini: ndiye aliyefungua lango la bwawa la Kihungo katika mvua, bonde likafagiliwa pamoja na waliolala humo. Alilikumbuka gurudumu la chuma, baridi yake, jinsi lilivyokataa kisha likakubali. Kila siku aliwaombea wale watu. Alikuwa amekubali Ng'ambo kama mtu anavyokubali dawa chungu, na kukubali huko kulimpa usingizi mzuri.

"Nisikilizishe ujumbe wa majaji," alisema. "Wote. Mimi nina haki hiyo."

Shemhilu alisita. Alitazama mlango, akatazama saa, kisha akabonyeza kitufe kama mtu anayejichoma sindano mwenyewe.

Sauti ya jaji ilikuwa ya kuchosha. Ilisoma vifungu, ikataja kesi moja baada ya nyingine, na Sikudhani alikuwa karibu kuacha kusikiliza iliposema Kihungo. Lango la bwawa la Kihungo lilikuwa limeoza kwa kutu. Mafundi walikuwa wameonya, Baraza likanyamaza. Lango lilivunjika lenyewe. Hakuna mtu aliyelifungua, kwa kuwa gurudumu lake lilikuwa limeondolewa mwaka mzima kabla ya mafuriko.

Sikudhani alijishika kwenye meza.

"Gurudumu nililishika," alisema. "Lilikuwa la baridi."

Shemhilu aliinamisha uso.

"Afande. Siku uliyoniamsha, uliniambia nini?"

"Nilikuambia yaliyokuwa kwenye hukumu."

"Na gurudumu?"

"Kanuni inataka picha," alisema kwa sauti ndogo. "Hukumu ilisema ulifungua lango. Lango lina gurudumu. Nikakwambia lilikuwa la chuma, la baridi, na mvua inanyesha. Mimi sikujua, Bi Sikudhani. Wallahi sikujua. Nilijua tu kwamba ulikana tangu mwanzo hadi mwisho. Ulikana mahakamani, ulikana kwenye karandinga. Hata nilipokuwa nakulaza ulikuwa bado unakana."

Aliikumbuka mahakama, ndiyo, dawati na feni iliyoharibika. Lakini katika kumbukumbu yake alikuwa amesimama kimya, ameinamisha kichwa, mkosaji. Alijitafuta mwenyewe anayekana, asimpate. Mwanamke yule alikuwa ameuawa polepole kwa maneno machache ya upole, na aliyevaa ngozi yake akawa anawaombea marehemu ambao hakuwaua. Na chini ya uchungu wa hilo kulikuwa na kitu cha ajabu, cha aibu: aliitamani amani yake irudi.

*

Walirudi kwenye safu za masanduku kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Meli yote ilikuwa ujia mmoja, chumba cha mitambo upande huu, chumba cha mawasiliano upande ule, na wafungwa katikati. Mtu akikasirika alitembea mpaka ukutani, akageuka.

Sikudhani alitembea mpaka ukutani, akageuka. Alikuwa amepata la kusema, na alifungua kinywa aliseme.

"Utasema watafanya kazi wenyewe," Shemhilu alimtangulia. "Utasema hakuna mtu atakayekataa kukata barafu ya hewa anayoivuta, na kwamba wale waliovunja ukumbi waliambiwa nusu ya ukweli. Wangeambiwa pia kwamba hakuna meli ya kurudi, na neno hilo nalo likashika, wasingelitafuta nyuma ya ukuta."

Ndivyo hasa alivyotaka kusema. Neno kwa neno.

Akasimama. Alimtazama Shemhilu, macho yake mekundu, ndevu zake zilizosahauliwa.

"Haya tumeshayazungumza," alisema.

Shemhilu alikwepa macho yake.

"Afande Shemhilu, nakuuliza. Haya tumeshayazungumza?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Zaidi ya mara moja." Alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea sanduku, kama mtu ambaye miguu imemkatalia. "Ujumbe una miezi tangu ufike. Nilikwambia, ukakataa. Nikakulaza. Haikuwa vigumu, ni dawa kidogo kwenye chai kisha sanduku. Nikakuamsha kwa lile lile neno la Kihungo, mazungumzo yetu yakawa yameng'oka, ukawa mtulivu, tukaendelea. Nikajiapiza kwamba safari hii sikwambii. Nakaa wiki, nakuona unawaombea watu wale, nashindwa kula. Nakwambia tena."

Sikudhani alikitazama kikombe chake, kilichokuwa pale sakafuni alipokiacha, kimejaa. Hakuwa amekinywa.

"Hicho hakina dawa," Shemhilu alisema. "Hakuna nafasi tena. Tumeshaingia kwenye mvuto wa Mshtarii, na masanduku yameanza kupata joto. Yakianza hayarudi nyuma. Nikikulaza leo hakuna wa kuwaamsha. Wataamka watupu wote."

"Kila mara nilikataa?"

"Kila mara."

"Hata nilipokuwa naamini nimeua watu?"

"Hata hapo. Ulisema muuaji naye haruhusiwi kusema uongo."

Ilimchukua muda kuelewa kwamba jambo hilo lilimfariji. Alikuwa ameng'olewa na kugongomelewa upya mara nyingi asizozikumbuka, na kila mara mtu aliyetoka humo alikuwa amekataa. Labda ndiye yule aliyekana kwenye karandinga. Hakuwa na njia ya kujua, na hofu hiyo ya kutojua ilibaki pale pale, lakini sasa ilikuwa na kitu cha kushikilia.

"Na wewe," alisema, "neno lako ni lipi?"

"Langu?"

"Kamanda alipokuamsha. Alikwambia nini?"

"Jina langu. Cheo changu. Kwamba nikimaliza kazi nitarudi nyumbani."

"Kwa chombo gani, Afande? Wewe ndiye unayekagua matangi kila asubuhi."

"Mafuta yatatosha mtu mmoja," Shemhilu alijibu haraka, na kisha akanyamaza. Alikuwa pia mhandisi wa meli. Alikuwa akiisoma mishale ya matangi kila asubuhi kwa macho yake mwenyewe, na kila asubuhi alikuwa akiiona imelala kwenye sifuri upande wa kurudi, na kila asubuhi alikuwa akisema nikirudi nyumbani. Sikudhani alimwona akijaribu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani. Hayakukaa. Alijaribu tena.

"Alinipa picha," alisema baadaye. "Mke wangu amesimama mlangoni, ana kanga ya kijani."

"Ana kanga ya kijani kweli?"

"Sijui," Shemhilu alisema, na akaanza kulia bila sauti.

Sikudhani alimhurumia. Hakutaka, lakini alimhurumia. Alimwacha pale, kwa sababu kioo cha sanduku la kwanza kilikuwa kimeshakauka kabisa, na kifua cha Mwanamvua kilikuwa kimeanza kupanda na kushuka.

*

Sikudhani alifungua kifuniko. Mvuke ulitoka, na harufu ya dawa. Mikanda ilikuwa imemshika Mwanamvua mabegani, kiunoni na miguuni, na kope zake zilikuwa zinacheza. Kitambo kilikuwa kifupi. Alikuwa na neno moja tu la kutoa, na akishalitoa hataweza kulirudisha.

Aliogopa. Alifikiria ukumbi wa hewa na yule mwanamke wa kikohozi. Angeweza kusema lile la zamani. Lilikuwa fupi, alikuwa amelizoea, na jioni hii hii Mwanamvua angekuwa anakunywa uji na kuhesabu moja imepungua. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna ambaye angejua. Shemhilu alikuwa amesimama nyuma yake sasa. Hakumgusa.

Akainama sikioni.

"Wewe ni Mwanamvua, binti Kheri," alisema. "Ulitoboa bomba kwa sababu mwanao alikuwa na kiu. Majaji wamesema hilo halikuwa kosa. Wewe ni mtu huru. Tumefika Ng'ambo, na hakuna meli ya kurudi, hata iliyofichwa, hakuna kabisa. Hewa ya huku inakatwa kwa mikono, na wapo watu wanaotungoja tusaidiane nao." Alisita, kwa sababu ilibaki picha. Akampa ile aliyoiona mwenyewe mahabusu, au aliyotumaini kwamba aliiona mwenyewe. "Siku ya mwisho ulimnyonyesha mlangoni, na askari akangoja mpaka aliposhiba."

Mwanamvua alifumbua macho. Yalizunguka, yakamtafuta, yakampata.

Sikudhani alingoja yale maneno mawili. Hayakuja. Badala yake uso wa mwenzake ulianza kubadilika, polepole, jinsi neno lilivyokuwa likizama, na Sikudhani alilazimika kutazama kwa sababu ni yeye aliyelitia. Machozi yalimtoka Mwanamvua yakaingia masikioni. Alijaribu kuinua mikono ajifute, mikanda ikamzuia. Alijaribu tena kwa nguvu zaidi, mwili wote ukajikunja, na sanduku likatikisika. Alikuwa huru, kwa amri ya majaji, na hakuweza kufuta uso wake.

"Sema ndiye mimi," Sikudhani alimbembeleza. "Sema, dada, ifunguke."

"Ana umri gani sasa?" sauti ya Mwanamvua ilitoka kama ya mtu mwenye homa.

"Kumi na mitatu hivi."

"Ungeniacha."

"Najua."

"Ungenidanganya. Ulishindwa nini kunidanganya?"

Sikudhani hakujitetea. Alimfuta uso kwa upindo wa nguo yake, akaendelea kumfuta kadiri machozi yalivyokuja. Nyuma yao Shemhilu alikuwa ameugeukia ukuta.

"Ndiye mimi," Mwanamvua alisema mwishowe, kwa chuki, na mikanda ikafunguka.

Hakuinuka. Alibaki amelala vile vile, mikono kando, kana kwamba bado amefungwa. Ndipo kifaa cha sanduku la pili kilipolia, mlio mwembamba, na Sikudhani akasogea na kufungua kifuniko. Hemedi alikuwa amenenepa mashavu kwa maji ya usingizi. Alionekana mdogo kuliko umri wake.

Mkono ulimshika kifundo cha mguu. Mwanamvua alikuwa ametambaa kutoka kwenye sanduku lake, amepiga magoti sakafuni akitetemeka kwa baridi.

"Huyu usimwambie," alisema. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Mimi basi, umeshaniambia, nitabeba. Huyu ni mdogo wangu. Mwambie aliiba maji. Mwambie miaka kumi. Mwache ahesabu."

Shemhilu aligeuka. Hakuhitaji kusema kitu, kwa kuwa maneno yake yote yalikuwa yanasemwa na mtu mwingine. Kumkataa askari Sikudhani alikuwa amezoea, hata bila kukumbuka. Hili alikuwa hajawahi kuombwa, na aliyemwomba alikuwa na haki ya kuomba.

Kope za Hemedi zilianza kucheza.

"Nitamwambia utakalo," Sikudhani alisema. "Wewe ndiye dada yake. Lakini utakula naye, utakata naye barafu, kila siku atakwambia imepungua moja. Utamwitikia nini?"

Mwanamvua alimtazama mdogo wake. Aliuchukua mkono wa Hemedi uliofungwa mkanda, akauweka shavuni kwake, na vidole vile vya baridi vikalowa.

"Basi mwambie. Sema polepole," alisema.